Wageni wa Zizini

Hosiana alifika ofisi ya kijiji cha Mwasengeja jua likiwa bado changa, akakuta foleni imeshalizunguka jengo. Mahindi ya serikali ya bei nafuu yalikuwa yameshushwa jana yake kutoka Mhunze, makao makuu ya wilaya. Magunia yamepangwa barazani, na kila aliyefika aliyatazama magunia, akatazama watu waliomtangulia, kisha akajipanga mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha Desemba ikakata Januari, mahindi ya watu yakiwa yanafika gotini. Tangu hapo ni vumbi tu.

Ofisi yenyewe ilikuwa na bati jipya linalong'aa. Bati hilo lilitokana na ng'ombe wawili waliookotwa mwaka juzi porini, wakakaa wiki nzima bila mwenyewe kujitokeza, mwenyekiti wa kijiji akawapiga mnada hapo hapo uwanjani. Sheria ndogo ya kijiji inaruhusu. Mwenyekiti Bartholomeo aliisimamia sheria hiyo kifua mbele, na watu wakampigia makofi, kwa kuwa kabla ya hapo vikao vya masika walikuwa wakivikalia chini ya turubai.

Zamu yake ilipofika, Hosiana alikunjua gunia lake akalitandaza mezani mbele ya mtendaji wa kijiji, binti mmoja wa Ushirombo aitwaye Violeth, aliyehamishiwa Mwasengeja msimu uliopita.

"Mama Loveness, samahani," Violeth alisema. "Mahindi haya ni ya kaya zisizo na ng'ombe zaidi ya wanne. Ninyi mna kumi na mmoja."

"Nani kasema?"

"Mumeo. Tulipopita kuhesabu mifugo alisimama mwenyewe mlangoni pa zizi akasema wote ni wake."

Nyuma yake mtu alicheka. "Jamani! Tajiri kaja kupanga foleni ya maskini! Si auze dume moja anunue lori zima?"

"Mwacheni," mwingine akadakia, "labda amechoka kula nyama."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Watu wenye njaa wanacheka kwa urahisi sana anapopatikana mwingine wa kuchekwa. Hosiana hakugeuka. Alimtazama mwenyekiti Bartholomeo, aliyekuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, na koti lake la siku zote licha ya joto lote lile, akichezea simu.

"Mwenyekiti, na wewe unasemaje?"

"Utaratibu ndio huo, Mama Loveness," Bartholomeo alijibu bila kuinua uso. "Tukipindisha kwa mmoja, kesho tutapindisha kwa wote."

Hosiana alikunja gunia lake taratibu, kona kwa kona, akaondoka. Nisikufiche, msomaji: kati ya wale ng'ombe kumi na mmoja, wanane walikuwa wa Bartholomeo.

Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi hawafungi wote mahali pamoja. Anawagawa kwa jamaa na marafiki, wengine huku, wengine kule, ili ugonjwa ukiingia zizi moja, au majani yakiisha upande mmoja, asibaki mikono mitupu. Wasukuma wanaita kubilisa. Anayewalea anakunywa maziwa, anapata samadi, na siku moja moja anapewa ndama. Ni desturi nzuri, tena imewavusha watu kwenye ukame mwingi kabla hatujaletewa semina yoyote ya mabadiliko ya tabianchi. Sharti lake moja: mlezi hamtaji mwenyewe. Mgeni akiuliza, mlezi anajibu, "Ni wangu." Basi serikali ilipouliza, Paschal mume wa Hosiana akajibu hivyo hivyo.

&nbsp;

Alimkuta Paschal akirudishia miiba kwenye uzio wa ngitili yao. Haikuwa kubwa ngitili hiyo, kipande cha majani tu walichokifunga tangu mvua ilipokata, asiingie hata mbuzi, kiwe akiba ya kiangazi. Majani yale yangewafikisha mvua ya kwanza maksai wao wawili, Dereva na Konda, pamoja na mtamba wao. Kwa wageni wanane hayakutosha hata kidogo. Hosiana ndiye aliyewaita wageni siku walipoletwa, akitania. Sasa utani ulikuwa umemkauka mdomoni.

"Umepata?" Paschal aliuliza.

"Nimepata kuchekwa."

Akamweleza. Paschal akaendelea kusukuma mwiba ambao ulikuwa umeshakaa vizuri.

"Ulitaka nisemeje?" alisema mwishowe. "Mbele ya mtendaji na watu wa wilaya, niseme mimi ni mchungaji wa mali za watu?"

"Ungesema kweli."

"Kila zizi hapa kijijini linasema hivyo hivyo!"

"Na kila zizi linalala njaa hivyo hivyo?"

Paschal hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Ila lile neno "wangu" alilipenda. Alikua na mbuzi wawili na kaptula moja, na siku hizi akipita mnadani wanaume walimwita mfugaji, wakampisha kwenye benchi. Neno la namna hiyo ukishalizoea ni tabu kulirudisha.

Mama yake, Bibi Nyamizi, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mlenda mkavu. Kusikia hasikii vizuri, lakini ugomvi anausikia.

"Babako alilea ng'ombe wa watu maisha yake yote," alimwambia mwanawe. "Hakuwahi kumrudishia mtu ng'ombe kiangazi. Ukirudisha leo, nani atakupa tena?"

"Umemsikia mama?" Paschal alimgeukia mkewe.

"Sijamaliza," Bibi Nyamizi alisema. "Babako hakuchimba lambo kwa ajili ya ng'ombe wa mtu. Wala hakunyimwa chakula kwa ajili yao. Enzi zile aliyeweka ng'ombe kwako, njaa ikiingia, alikuja na debe la mtama kichwani. Huyu wenu anakuja na nini?"

Bartholomeo alikuja kila Jumapili akitoka kanisani, na mfuko wa koti umejaa magadi. Akishasalimia alipitiliza hadi zizini, kwa yule jike mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, akamlambisha magadi kiganjani, akawatazama wengine mbavu, akaondoka. Hakuwahi kuuliza watu wa nyumba hiyo wamekula nini.

&nbsp;

Sheria ya lambo aliileta Bartholomeo mwenyewe, na haki yake tumpe, ilikuwa na akili. Lambo, bwawa la kijiji la kunyweshea mifugo, lilikuwa limejaa mchanga, fedha ya wilaya ya kulichimbua haijaja wala haina dalili. Basi kila zizi likatakiwa kuchimba kipande kimoja kwa kila ng'ombe wake. Tena zizi lisizidi ng'ombe kumi na wawili, ili majani yawatoshe wote. Wilaya ilimsifu. Alipigwa picha mbele ya zizi lake lenye ng'ombe kumi na wawili kamili, mwenyekiti wa mfano, mfugaji anayefuga kwa kuangalia mbele. Waliokuwa nyuma ya mpiga picha walitazamana.

Siku ya kuchimba, Hosiana na Paschal waliingia lambo kabla ya wengine. Vipande kumi na kimoja si mchezo. Tope la chini lilikuwa zito na bichi, la juu limekauka limekuwa gumu, na kila karai walilijaza, wakalipandisha ukingoni, wakalimwaga kwenye mkokoteni unaovutwa na Dereva na Konda. Vibarua wa Bartholomeo walifanya kazi yao mpaka saa nne, wakakaa kivulini kunywa soda.

Kipande cha jirani alikuwa akichimba Paskalia, mjane mwembamba ambaye mumewe alimwachia mbuzi mmoja na madeni.

"Paskalia," Hosiana alimuuliza akinyoosha mgongo, "wewe una ng'ombe watano?"

Paskalia alimtazama kidogo.

"Kama wewe ulivyo nao kumi na mmoja," alisema, akainamia jembe lake.

Hosiana alibaki amesimama. Aliangalia lambo lote, vipande vyote, watu wote waliokuwa wakitoa jasho mle. Wachimbaji wenye vipande vingi walikuwa ndio hao hao wenye nguo zilizochanika.

Mchana Konda alipiga magoti ukingoni, akalala na nira shingoni. Hakulia, alihema tu, macho yamegeuka. Wanaume walitupa majembe wakakimbia. Wakamfungua nira, wakapitisha magogo chini ya tumbo, mmoja akashika mkia. "Haya, moja, mbili, pandishaaa!" Walirudia hadi akasimama, miguu ikimtetemeka, Paschal amemkumbatia shingo kana kwamba angeweza kumshikilia peke yake.

"Huyu bila majani ya kutosha hauoni mwezi ujao," mzee mmoja alisema.

Hosiana alianza kupiga hesabu. Dereva hawezi kuvuta plau peke yake. Konda akifa, mvua itawakuta na majembe ya mkono, watalima kashamba kasikofika popote, na Paschal ataenda machimboni. Kaka yake Paschal, Wiliam, alikwenda machimboni. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilimfukia upande wa Kharumwa, wakamleta nyumbani kwenye pikapu amefunikwa turubai. Bibi Nyamizi hakumlilia kwa sauti hata siku moja, akapunguza kuongea tu.

&nbsp;

Kesho yake asubuhi Hosiana alijifunga kitenge kizuri akaenda kwa Bartholomeo. Njiani alipita kando ya ngitili ya mwenyekiti. Majani yalikuwa yamesimama, ya manjano, marefu, hayajaguswa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Mwangaluka. Kaa hapo. Mama wee, mleteeni mgeni chai!"

Chai ikaletwa, ya maziwa. Hosiana hakuigusa.

"Baba, nimekuja kuwaombea wale ng'ombe warudi nyumbani. Majani yamekwisha. Konda alianguka jana."

"Nilisikia. Pole. Paschal ndiye kakutuma?"

"Hajui kama nimekuja."

"Basi na mimi sijui kama umekuja," Bartholomeo alisema, akacheka peke yake.

"Hata wanne tu, baba."

"Nikiwachukua wanne hapa watakuwa kumi na sita. Sheria inasema kumi na wawili. Unataka mwenyekiti avunje sheria aliyoitunga?"

"Sheria hiyo tunaichimbia sisi." Hosiana alifungua viganja, malengelenge yamepasuka, mengine yana tope ndani. "Vipande vinane vya ng'ombe wako vimetoka hapa."

Bartholomeo alivitazama viganja vile. Kuna kitu kilimgusa, maana alikohoa akasogeza kikombe kisichohitaji kusogezwa. Kisha akajikaza.

"Hebu nikukumbushe," alisema kwa upole. "Babako alitaka mahari ya ng'ombe kumi na watano. Paschal aliungaunga akafikisha kumi na wawili. Watatu walitoka zizi gani?"

"Zizi lako, baba."

"Nimewahi kukudai?"

"Hujawahi."

"Haya. Vumilieni. Mvua ikinyesha nitawapa ndama jike, mchague wenyewe."

"Mvua ikinyesha tutataka maksai wa kulimia, baba. Ndama havuti plau."

Tabasamu la Bartholomeo likazimika. "Mambo ya ng'ombe wanaongea wanaume, Mama Loveness. Mwambie mumeo aje."

Alijua Paschal hawezi kuja. Hosiana naye alijua. Alishukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaondoka na hasira iliyomtoa machozi mpaka alipofika kisimani. Pale akanawa uso. Ng'ombe watatu! Kumbe miaka yote hii, kwenye hesabu za yule mzee, na yeye Hosiana alikuwa mmoja wa mifugo aliyoiweka kwa Paschal.

&nbsp;

Nyumbani Paschal alikuwa akikunja blanketi. Pembeni kulikuwa na sururu na tochi ya kufunga kichwani.

"Donatus amenipigia kutoka Kharumwa. Kuna nafasi kwenye duara lao."

"Wiliam naye alipata nafasi."

Paschal aliacha kukunja. Ndani ya nyumba Bibi Nyamizi naye aliacha kusogeza vyombo.

"Sasa nifanyeje?" Paschal alisema. "Nikae nimtazame Konda anakufa? Nikamwambie yule mzee achukue ng'ombe wake, wakati walionipa wewe ni wa kwake?"

"Kaa mpaka Alhamisi, mkutano mkuu wa kijiji. Baada ya hapo ukitaka kwenda, nitakufungia mzigo mwenyewe."

"Hosiana! Ukimtaja yule mzee mbele ya watu, mimi nimekwisha. Mtu hataniachia hata kuku."

"Sitamtaja."

"Apa."

"Haki ya Mungu, sitamtaja. Wala wewe sikuombi umtaje. Nakuomba kitu kimoja: wakikuuliza kama wale ng'ombe ni wako, sema si wako. Basi. Hapo hujataja jina la mtu."

Paschal alikaa juu ya blanketi. Hosiana aliona anachopima. Mkutano mkuu si kikao cha wazee, kule kila mtu mzima anaingia, wanawake kwa wanaume. Kusema "si wangu" kule ni kuvuliwa ufugaji hadharani, mchana kweupe. Aliinuka akamalizia kulikunja blanketi.

Bibi Nyamizi alitokeza mlangoni akijifunga kanga kiunoni.

"Alhamisi fimbo nitashika mimi," alisema. "Wale ng'ombe wananijua."

&nbsp;

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Meza imewekwa kitambaa, Bartholomeo yuko katikati na koti lake, Violeth kulia kwake na kitabu cha sheria ndogo, Eustace kamanda wa sungusungu kushoto. Walikuwa wamefika kwenye ajenda ya lambo pale vumbi lilipoinuka upande wa barabara. Ng'ombe wanane waliingia uwanjani taratibu, nyuma yao Bibi Nyamizi na fimbo, kando yake Hosiana.

"Mama, mnada si leo!" Eustace alipaza sauti, watu wakacheka.

Hosiana alisubiri wamalize.

"Mwenyekiti, shikamoo. Wazee, shikamooni. Nimekuja kukabidhi ng'ombe niliowaokota."

"Umewaokota wapi?" Violeth aliuliza.

"Zizini kwangu."

Kicheko kingine, ila hiki kilikatika mapema. Violeth alitazama ng'ombe, akafunua karatasi zake.

"Si ndio hawa mlioandikisha?"

"Walioandikishwa ni hawa. Aliyewaandikisha yule pale nyuma. Muulizeni."

Vichwa vyote viligeuka. Paschal alikuwa amesimama na wanaume wenzake, wale wa benchi la mnadani, kofia mkononi. Uso wake ulikuwa mgumu kuutazama.

"Paschal Mageni," Violeth alisema, "hawa ng'ombe ni wako?"

Paschal aliizungusha kofia mkononi mpaka mtu mmoja akakohoa. Hosiana alimtazama, hakumkonyeza, hakumwomba kwa macho. Moyoni alikuwa ameshakubali kwamba anaweza kushindwa pale pale.

"Si wangu," Paschal alisema.

"Sijasikia."

"Si wangu! Wangu ni watatu. Maksai wawili na mtamba."

"Sasa hawa ni wa nani?"

"Mwenyewe anajijua. Mimi nimelea mpaka nguvu zimeniishia."

Wazee waliokaa mbele walitikisa vichwa kwa kukubali. Hakumtaja. Desturi imesimama palepale, na bado ng'ombe wanane walikuwa uwanjani bila mtu.

Violeth hakuwa mzaliwa wa Mwasengeja, ila hakuwa mjinga. Alifungua kitabu cha sheria ndogo, akasoma kwa sauti ya darasani: mifugo isiyo na mwenyewe itakabidhiwa kijiji, itatangazwa siku saba, kisha itauzwa kwa mnada, na fedha kuingia mfuko wa maendeleo. Kisha akakisogeza kitabu mbele ya Bartholomeo.

"Mwenyekiti, anayetangaza ni wewe."

Bartholomeo alisimama. Alikuwa na maneno mengi siku zote, ila siku hiyo alianza "Ndugu wananchi" mara mbili. Alitazama bati la ofisi likimeremeta kule mbali. Alitazama ng'ombe wake wanane. Akinyamaza anawapoteza. Akisema, basi picha aliyopigwa na watu wa wilaya itakuwa ya kuchekesha kuanzia Mwasengeja mpaka Mhunze.

"Ndugu wananchi," akaanza tena, "kuhusu mifugo hii ambayo haijulikani mwenyewe..."

Sauti ile yule jike mwekundu aliifahamu. Aliinua kichwa, akaachana na wenzake, akapita katikati ya watu bila papara. Alifika mezani, akasukuma kitambaa kwa kifua, akaingiza pua yake yote, na pembe yake iliyovunjika, kwenye mfuko wa koti la mwenyekiti. Akaanza kulamba.

Bartholomeo alijaribu kurudi nyuma, mfuko ukavutika, ng'ombe akamfuata.

"Msalimie, ng'wanawane, mwanangu, msalimie!" Bibi Nyamizi aliita kwa furaha. "Hakusahau Jumapili yake!"

Uwanja ulipasuka. Watu walicheka wakashikana mabega, wengine walilala kwenye nyasi kavu. Mayu wane! Hata Violeth aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta kalamu. Bartholomeo alisimama katikati ya kicheko hicho, mkono mmoja juu ya paji la uso la ng'ombe wake, na taratibu ule mkono ukaanza kumpapasa, kwa mazoea tu.

"Ni wangu," alisema kicheko kilipopungua. "Hawa wanane ni wangu."

Alitaka kukaa. Paskalia alikuwa ameshasimama.

"Mwenyekiti, kabla hujakaa. Na mimi nimeokota watano."

"Na mimi wanne," mzee mmoja alisema kutoka nyuma.

"Na mimi..."

Si wote walikuwa wa Bartholomeo. Kamanda Eustace alikuwa akivitazama viatu vyake kwa makini sana, na fundi mashine wa kijiji aliondoka uwanjani kimya kimya. Violeth alipanda juu ya kiti. Alisema kuanzia siku hiyo ng'ombe watahesabiwa kwa mwenyewe, popote alipowalaza, na vipande vya lambo vitafuata hesabu hiyo, asiye na ng'ombe atachimba kimoja tu, maana maji ni ya wote. Anayekubali anyooshe mkono. Mikono ya wanawake ilitangulia. Ya wanaume ikafuata mmoja mmoja, na wa mwisho kunyoosha alikuwa mwenyekiti.

Kisha Violeth alimgeukia Hosiana. "Kesho njoo na gunia lako, mama."

&nbsp;

Wageni walichukuliwa siku ile ile, yule mwekundu pamoja nao. Asubuhi iliyofuata Loveness alisusa uji usio na maziwa, mama yake akamwambia aunywe hivyo hivyo. Bartholomeo aliifungua ngitili yake, na wale waliozidi kumi na wawili akawapeleka kuuza Katoro, wamekonda, kwa bei iliyomuuma. Paschal hakuulizwa tena habari za mifugo kwenye benchi la mnadani. Siku mbili alikaa bila kuongea na mkewe. Siku ya tatu alikunjua blanketi lake, akalirudisha kitandani, akachukua sururu akaenda nayo ngitili kuziba tundu la uzio. Konda alikuwa akila humo. Asubuhi hiyo alikuwa ameinuka mwenyewe.

Mvua haikuwa imenyesha bado, wala wingu lenyewe. Jumatatu watu walirudi lambo kwa awamu ya pili.

Hosiana na Paschal walikuwa na vipande vitatu. Saa tatu walikuwa wamevimaliza, safi, kingo zimenyooka. Hosiana alisimama akafuta jembe kwa kisigino. Mbele yake, kwenye safu ndefu iliyobaki, Bartholomeo alikuwa akichimba. Vibarua walikuwa wamemwacha baada ya kuona wingi wa vipande, maana viligawanywa kwa hesabu ya Alhamisi, kabla hajauza. Koti alikuwa amelivua kwa mara ya kwanza watu wakimwona, akaonekana mdogo na mzee kuliko walivyomdhania, anapiga jembe, anasimama, anatazama kiganja chake.

Hosiana aliweka jembe begani akaelekea kule. Wachimbaji wakapunguza kasi, wakitaka kuona. Bartholomeo naye alimwona akija, akanyoosha mgongo, na usoni mwake kulikuwa na kitu kama matumaini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Pole na kazi."

"Asante. Ni nyingi."

"Ni nyingi, baba," Hosiana alisema. "Ninaijua."

Akampita. Alishuka mpaka kipande cha mwisho, kwa Paskalia, akaingia topeni kando yake, akaanza kuchimba.